Mstari Mwekundu Kwenye Nati

Jumapili, 6 Agosti

Boti ndogo ya Baba, ile ya rimoti, imeteleza tena! Mzunguko wa pili tu, katikati ya bwawa — mota inapiga kelele, pangaboi limetulia tuli. Ikabidi Lyle wa chama cha boti aingie kwenye mtumbwi kuifuata, mara ya tatu kiangazi hiki. Akatania kwamba afadhali Baba aitupe rimoti na kuifunga boti kamba. Chama kizima kikacheka. Baba hakucheka.

Nyumbani akaenda moja kwa moja gereji. Anasema ni grisi. Imepanda mpaka ncha ya waya unaozungusha pangaboi, pale nati ya mota inapoubana, kwa hiyo mota inazunguka na waya umebaki palepale. Sawa. Nikamenya viazi.

Curtis akapiga simu kutoka Denver kama kila Jumapili. Siku hizi kaka yangu anaulizia boti kwanza, Baba baadaye. Nikamwambia ilikwenda vizuri. Mwongo mkubwa mimi.

Jumatatu, 7 Agosti

Yote yalianza Krismasi. Curtis alileta karatasi za nyumba ya wazee, zenye picha za maua. Baba akazisukuma kando ya sahani na kutamka, mbele yetu sote: "Siku nikishindwa kufunga na kukaza boti yangu kwa mikono yangu, nipelekeni. Sitabisha." Curtis akakubali papo hapo. Mimi nikaondoa vyombo.

Sasa Jumamosi ni mashindano makubwa ya mwaka, na Curtis kasema atapiga baada yake. Anataka kusikia kutoka kwangu, si kwa Baba. Kwangu!

Jumatano, 9 Agosti

Baba kausafisha waya kwa spiriti mpaka ukang'aa. Tukaijaribu boti kwenye beseni — ukateleza. Akaweka waya mpya, akahakikisha umesokotwa upande unaotakiwa, akaacha ile nafasi ndogo nyuma kwa sababu waya ukipata mzigo hujifupisha. Ukateleza. Nati mpya ikaja kwa posta leo. Ukateleza. Amelaumu grisi, waya, nati, na Wachina.

Leo nilimwangalia anavyokaza. Spana moja ya kushikilia, nyingine ya kuzungusha. Mikono inamtetemeka, spana inachomoka, anaishindilia tena. Jasho. Mwisho anasema, "Hapo, imekaza."

Akaenda chooni. Nikaweka spana mimi. Nati ikazunguka karibu nusu mzunguko, bila hata kutumia nguvu. Maskini Baba wangu. Waya hauna kosa lolote.

Nikairudisha ilipokuwa, upesi, kabla hajamaliza kunawa. Kwa sababu ya mstari. Akishakaza huchora mstari mmoja kuanzia kwenye nati hadi kwenye ekseli, kwa rangi nyekundu ya kucha ya marehemu Mama. Nati ikisogea, mstari unakatika. Miaka arobaini anafanya hivyo. Hakuna mtu awezaye kuigusa asijue.

Alhamisi, 10 Agosti

Rafiki yangu Marlys kapiga. Chumba changu juu ya duka lake la mikate kule Duluth kimepakwa rangi. Ananingoja mpaka mwisho wa mwezi, baada ya hapo atatafuta mtu mwingine. Hakusema kwa ubaya. Amengoja mwaka mzima.

Nataka kwenda. Naandika hapa kwa kuwa hakuna pengine pa kusemea. Nataka kwenda! Miaka sita sijalala nje ya nyumba hii hata usiku mmoja. Dawa saa mbili, dawa saa nane, tafuta miwani, zima jiko, na Baba akiita uko wapi Gwen, Gwen. Na nampenda. Hilo ndilo linalonibana.

Jumamosi ikiteleza mbele ya watu wote, basi. Alishasema mwenyewe. Sitakuwa nimemfukuza mtu. Kazi yangu ni kukaa kwenye kiti cha kukunja na kula soseji.

Ijumaa, 11 Agosti

Baba kaipiga pasi fulana ya chama. Kola kaiunguza kidogo, nikajifanya sikuona. Wakati wa chakula akaniambia, bila kuinua macho, "Kesho ikiteleza, usinitetee." Kisha akaongeza kwamba kule nyumba ya wazee hawaruhusu gereji, kamuuliza Lyle.

Alipolala mchana nikaingia gereji. Nikafuta mstari kwa dawa ya kutolea rangi. Nikakaza mpaka vidole vikauma. Nikachora mstari mpya kwa chupa ileile ya Mama.

Nikakaa ndani ya gari nusu saa. Sikuwasha. Nililia kwa hasira, na hasira yenyewe sijui ni ya kumkasirikia nani.

Jumamosi, 12 Agosti

Haikuteleza. Mizunguko yote sita! Nafasi ya pili! Lyle alimkumbatia Baba mpaka kofia ikaanguka majini. Baba alicheka kama sijamsikia tangu Mama afe. Nikapiga makofi.

Kurudi, akafungua kifuniko cha boti. Miwani, tochi. Akaangalia muda mrefu mno.

"Mstari huu umenyooka," akasema.

Nikaanza kufuta maji kwenye boti.

"Gwen. Mimi sijachora mstari ulionyooka miaka miwili sasa."

Nilidhani atanifokea. Akachukua chupa ya Mama, akapaka juu ya mstari wangu, polepole, kidogo kidogo. Ukaenda upogo, rangi nyingine ikamwagikia kidole gumba. Akafunga kifuniko.

Curtis akapiga saa kumi na moja. Baba alikuwa wa kwanza kuishika simu. Nilimsikia vizuri kutoka jikoni: nafasi ya pili, ndiyo, nimefunga mwenyewe, mikono yangu, muulize Gwen. Curtis yuko barabarani, kasema atapiga tena saa kumi na mbili aongee na mimi.

Sasa ni saa kumi na mbili kasoro dakika tatu. Baba kaileta simu hapa mezani, kaiweka karibu na kiwiko changu. Kwenye kioo chake kuna ujumbe wa Marlys, anauliza tu: vipi? Baba kavuta kiti, kakaa mbele yangu. Kaniuliza kama nimechoka. Nikasema kidogo. Kasema kesho atapika yeye.

Kidole chenye rangi kakificha chini ya meza.

Inalia.