Watoto Wamenyamaza

Mwangaluka mayu, umeamkaje mama yangu,

Huku Bariadi kwenye makambi ya kanisa mahema yamebanana, hata jirani akikohoa unampa pole. Wajukuu wako tangu siku ya kwanza ni kupiga madebe na kugombea mpira wa plastiki. Niliona aibu, maana hema la pili yuko bibi mmoja wa Ipililo. Jana mchana nikawaonyesha fimbo, wakanyamaza kabisa.

Haukupita muda bibi akapiga hodi, kibuyu cha maziwa ya mgando mkononi, uso wote wasiwasi. Nikaanza kumwomba radhi kwa zile kelele. Akanikatiza: "Kelele zina nini? Nimekuja kuuliza nani anaumwa. Nyumba ya watoto ikinyamaza hivi, jirani anaacha sufuria motoni anakuja."

Mama, watoto wakanywa maziwa, wakashukuru kwa magoti, wakarudi kwenye madebe yao. Bibi akarudi kwenye sufuria yake akiimba.

Ndipo nikakumbuka kimya cha nyumba yako hapo Nyalikungu tangu niondoke na wajukuu wako. Jirani akija kuuliza, mwambie hakuna mgonjwa. Jumapili nakurudishia kelele zako zote.

Mwanao,
Kabula