Lebo za Maua ya Tengeru

Baba Eliya,

Ile kompyuta kuukuu ya Unix kule shamba la maua Tengeru imekufa. Wameleta nyingine yenye FreeBSD, mfumo ambao hukuwahi kuugusa, na haina hata bash, ile programu ya kupokea amri uliyoizoea. Meneja hakuzunguka: lebo za maboksi zisipotoka Jumatatu, kazi wanapewa watu wa Dar. Na kazi hiyo ndiyo inayomsomesha Eliya tangu ulipotuacha.

Unakumbuka skripti yako ya kwanza, zile amri ulizoandika ili kompyuta ichape lebo yenyewe? Uliijaribu nyumbani Daraja Mbili, kwenye Linux yetu, ikaenda vizuri. Tulipofika Tengeru kila lebo ikatoka na "-n" mbele ya jina la mteja. Echo, ile amri ya kuchapa maneno, ya nyumbani iliielewa hiyo "-n" kama agizo la kutoruka mstari. Ya kule iliichapa tu ilivyo. Gari la uwanja wa ndege lilikuwa limeshawashwa, akina dada wa kufunga maua wanabandua lebo moja moja. Nikakwambia, "Baba Eliya, umeongea Kimachame sokoni."

Ulinuna mpaka tunafika nyumbani, ndipo ukacheka. Ndivyo tulivyoishi, mimi Mmeru, wewe wa Machame, na mama zetu wakikutana jikoni ni Kiswahili tu, tena cha kuombana chumvi. Tangu hapo ukaweka printf, amri inayochapa vilevile kila mashine, badala ya echo, ukaacha mapambo yote ya bash, na kila skripti ukaijaribu kwenye mashine zote mbili kabla hujagusa chai. Nililalamika chai inapoa, tena sana. Ukajibu, "Mama Eliya, sijui hii itakuja kuhamia kwa nani."

Basi imehamia kwangu. Jumamosi nilizipeleka skripti zako Tengeru. Nilibadilisha mstari mmoja tu, wa jina la printa. Zikakubali, lebo zikatoka. Meneja akaniambia niendelee na kazi, akaenda zake bandani.

Nilifurahi, Baba Eliya. Halafu nikajikuta nazipitia tena lebo zote, natafuta hata "-n" moja nipate cha kukutania. Hukuniachia hata moja. Nikakaa pale mbele ya printa nikalia.

Pumzika sasa, kazi inaendelea.

Mkeo,
Mama Eliya