Mtani Akianza Adabu

Tougan, 9 Machi

Mwanangu Kalifa,

Umefika salama Libreville? Kifua kimepona? Mimi naumwa miguu, na naumwa na wewe.

Rasmané kapita hapa leo. Kavua kofia mlangoni: “Mama Kalifa, umeamkaje? Mungu akutie nguvu.” Unasikia? Tangu nilipoolewa ananiita mke wake mla mbwa! Siku tunamzika baba yako ulimtoa kaburini ukimburuta kwa ukosi, ukamfukuza mbele za watu. Yeye ni Mmosi, sisi Wasamo ndio wala mbwa wao, ni mtani wetu! Asipolala kaburini yeye, alale nani? Na kisomo cha arobaini kinakaribia. Asipokuja kututukana, msiba wa baba yako tutaumalizaje?

Mama yako

*

Libreville, 16 Machi

Mama mpendwa,

Kifua kimepona. Pole na miguu, ikande kwa maji ya moto.

Lakini nionee huruma na mimi. Nimelelewa huku kwa mjomba tangu mdogo, nani alinifundisha? Namkuta mzee amevaa kanzu ya marehemu, amejinyoosha kaburini, anapiga kelele: “Mwizi wa vichwa vya mbwa hazikwi mpaka anilipe changu!” Nami nimetoka kulia. Wewe ungefanya nini?

Basi, kwa ajili yako nimemwandikia barua ya kuomba radhi, ya heshima kabisa, pamoja na kitambaa cha kanzu. Dereva wa basi atampelekea.

Mwanao Kalifa

*

Tougan, 27 Machi

Kalifa,

Miguu ni ile ile. Wewe hujambo, najua.

Umetumaliza! Nani kakwambia mtani anaombwa radhi? Rasmané kaileta barua kwangu imekunjwa vizuri. Kasema, “Mwanao ananiandikia kama anayemwandikia hakimu wa wilaya. Kumbe mimi mgeni kwenu.” Kitambaa kakirudisha, na kashukuru. Heri angekichana!

Mpigie simu umtukane, mtoto wewe. Mwambie mlafi, mwambie baba yako amekufa kwa kuchoshwa naye. Najikaza kuandika haya, lakini usiku nawaza: na mimi nikifa, nani atanicheka?

Mama yako

*

Libreville, 2 Aprili

Mama,

Nakusalimu kwa aibu. Mimi mzima wa mwili tu.

Nimempigia. Nilimtukana kama tunavyotukanana huku kazini gereji, tukicheka mpaka spana zinaanguka. Nilianza na mama yake. Halafu akasema, “Asante, mwanangu. Mungu akujalie,” akakata simu. Nimekosea wapi tena? Nimechoka, Mama. Nikiwa na adabu ni kosa, nikikosa adabu ni kosa!

Mwanao

*

Tougan, 10 Aprili

Kalifa mwanangu,

Nakuombea afya. Mimi leo miguu imenyamaza.

Mama wa mtu haguswi, hata na mtani. Mbwa, tumbo, uvivu, sura, hivyo vyote chezea. Ningekufundisha, lakini haya mtu hafundishwi kwa barua. Anakua nayo.

Jana kwenye kisomo Rasmané alikaa mkekani na wageni, kimya, anakula kwa vidole vitatu kama bwana harusi. Nikashindwa kuvumilia. Nikamnyang'anya sahani, nikaivaa kofia yake, nikamwambia, “Mmosi, marehemu kaniagiza nisikulishe, utamfilisi hata huko aliko!” Watu wakashika midomo. Rasmané akaruka: “Rudisha nyama, mla mbwa we! Mumeo kafa ili asikuone unavyokula!” Akalia, akacheka, akavaa kanga yangu akacheza uani mpaka jioni. Nilicheka na mimi, nikalia. Msiba wa baba yako umekwisha.

Alipokuwa anaondoka nikamuuliza, na Kalifa je? Akavua kofia. Amesema nikusalimie sana, anakutakia kazi njema na maisha marefu.

Mama yako