Mrija wa Tatu

Louisville, Jumapili, mwezi wa tano. Leo ni miaka tisa na miezi miwili tangu nipande ndege.

Kamanda Silveri, ndugu yangu,

Kaa chini kwanza. Yusta ameposwa! Jana, kule Buffalo, na mimi ndiye niliyesimama mahali pako, kwa sababu wewe ulimwambia kwa simu, "Mtafute Damasi, yeye ndiye atakayekaa kwenye kiti changu." Yusta aliponipa habari hiyo nilikuwa kiwandani Jeffersontown, nimebeba sanduku la vipuri. Nililiweka palepale njiani. Msimamizi alipiga kelele, nami sikusikia kitu. Zaidi ya miaka ishirini hatujasemezana, halafu unanikabidhi binti yako!

Unakumbuka? Tuliingia msituni siku moja, tukapewa vikosi siku moja, tukala sahani moja. Chama kilipogawanyika, wewe ukaangukia upande ule, mimi upande huu, mto ukawa katikati. Kila jioni tulitukanana kwenye redio. Wewe: "Damasi, umekula leo, au bado unalamba buti?" Mimi: "Silveri, waambie watu wako walenge chini kidogo, ndege wa Mungu wamechoka." Wakubwa wetu walidhani hiyo ni vita. Sisi tulikuwa tunajuliana hali. Siku ukichelewa kunitukana, chakula hakinishuki.

Mpaka asubuhi ile ya ukungu. Niliona mtu anainama mtoni, nikafyatua. Ndipo nikasikia sauti yako: "Damasi, ni mimi!" Watu wako wakakuburuta. Jioni nilikuita kwenye redio, nikakuita tena. Kimya. Baadaye nilisikia umepona, umebaki na mguu mbovu. Sikukutafuta. Niliogopa. Neno pole nimelibeba miaka yote hii kama haya masanduku, ila sanduku shifti ikiisha unaliacha.

Sasa sikia ya safarini. Msemaji wa upande wa bwana harusi, mzee Gaspari, anaishi Columbus na gari lake limekufa. Basi nikampitia. Saa tano nzima barabarani na adui, tunamenya mayai ya kuchemsha, kila mmoja anaficha maneno yake!

Ukumbi ulikuwa wa kanisa, mtaa wa Black Rock, umejaa. Unajua kazi ya msemaji wa upande wa binti: kukataa. Ujifanye huwajui wageni, uwazungushe, uwatoe jasho. Wiki nzima nilijifunza kukataa, hata nikifunga maboksi midomo inacheza. Gaspari akasimama: "Tumepotelewa na ndama, na nyayo zake zinaingia hapa kwenu." Nikafungua kinywa nimjibu kwamba sisi hatufugi. Mara nyuma ya pazia Yusta akacheka. Silveri, ni kicheko chako! Kile cha kwenye redio, kinachoanzia puani. Maneno yote yakanipotea. Nikasema, "Mchukueni!"

Shangazi yake akaruka: "Wee Damasi! Hawajaomba bado!"

Gaspari akashika kiuno: "Kamanda gani huyu, anasalimu amri kabla ya risasi ya kwanza?"

Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Ikabidi tuanze upya. Mara ya pili nilimkamua Gaspari hadi akavua koti.

Ikaja pombe ya mtama. Mama mmoja wa Cheektowaga ndiye aliyeipika. Chungu hakikupatikana, tukatumia ndoo ya plastiki tukaivika kitenge. Mchungaji alijifanya anasoma simu yake. Nikatia mirija mitatu. Gaspari akauliza, "Huu wa tatu ni wa nani?" Nikamjibu, "Wa mwenye binti." Akavua kofia. Tukanywa sisi wawili, wako hakuna aliyeugusa.

Mambo yalipokwisha Yusta alikuja akapiga magoti mbele yangu. "Baba mdogo, baba kanituma neno. Kasema nisikupe mpaka nitakapokuwa nimeshatolewa."

Nikamwinua, nikamkalisha kando yangu.

"Kasema hivi: 'Mwambie sikumnyamazia. Redio ilidondoka mtoni. Nilikuwa nimeshapata tusi la kumjibu.'"

Nililia mbele ya Gaspari, Silveri, na sikuona haya. Miaka yote hiyo nilidhani kimya kile ni hukumu, kumbe redio iko chini ya maji! Na wewe huko labda ulidhani nimechoka kukuita.

Pole, ndugu yangu. Pole ya mguu, na pole ya kutokukutafuta.

Leo nina uchovu wa barabara na kesho alfajiri ni maboksi, lakini naandika huku nacheka peke yangu. Nimeomba likizo na nimekubaliwa. Mwezi wa kumi na mbili, wiki ya kwanza, nitakuwa kwako. Tafuta chungu cha kweli, mirija miwili inatosha. Na lile tusi ulilolitunza, usimtume mtu. Nataka kulisikia kwa mdomo wako.

Ni mimi, ndugu yako wa ng'ambo ya mto,
baba mdogo wa Yusta,
Damasi