Baba, Usimpe Mtu Mate

Kwa Baba yangu mpendwa, Mzee Daudi Marrabeck,
Hewani, kupitia Garsen.

Shikamoo Baba. Naomba barua hii ikukute barazani, mguu umepoa na kile kikohozi ulichookota kwenye mafuriko kimekuachia. Mama naye awe mzima, na mpunga uwe umesimama. Mimi mzima. Baridi ya huku ughaibuni ama nimeizoea ama imenizoea, sijui nani kamshinda mwenzake. Kazi ni ile ile ya kutunza wazee: kuwaogesha, kuwalisha, na kusikiliza habari za ndoa zao mara ya mia bila kuonyesha kwamba nilishazisikia.

Najua utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu wakati simu ipo. Baba, simu ya nyumbani ina masikio mengi. Leo iko kwa Mama, kesho imeazimwa, keshokutwa Baba mdogo Buya ameichukua eti akaitie chaji. Ndiyo maana nimempa barua hii mama mmoja wa Malindi anayerudi nyumbani, aiache kwa Abdi mwenye duka pale Garsen. Abdi namwamini, maana habari za watu hazimsumbui, kinachomsumbua ni bei ya sukari. Isome mwenyewe. Macho yakikataa, akusomee Mama, na asiwe mwingine.

Jambo lenyewe ni jina letu.

Mwezi uliopita nikiwa kazini niliambiwa kuna mama yuko mapokezi ananiulizia, tena kwa jina kamili. Huku mtu usiyemjua akikuulizia kwa jina kamili, moyo unakimbilia kwenye kibali cha kazi. Nikaingia kwanza stoo ya mashuka nikajifanya nakunja, nikimchungulia. Mzungu wa nywele nyeupe, koti la mvua, mkoba mkubwa. Hakuwa na sura ya serikali, lakini serikali nayo ina sura nyingi. Nilipotoka, hakunitazama usoni. Alitazama kile kibandiko cha jina kifuani mwangu, akaniuliza kama kweli ni langu. Nikamjibu ni langu, la baba yangu na la babu yangu, na akitaka pasipoti ipo. Akashika ukingo wa meza, akasema yeye pia ni Marrabeck.

Anaitwa Bi. Judith, mwalimu mstaafu. Tangu aache kufundisha, kazi yake ni kuwatafuta watu wote duniani wenye jina hili. Mimi alinipata kwenye picha ya kwaya ya kanisa letu huku, majina yameandikwa chini. Nilijilaumu kwa kuimba.

Tulikunywa chai kantini, akanieleza asili ya jina. Nilimsikiliza kwa sikio moja, la pili likitafuta mtego uko wapi. Anasema hapo kale kaskazini ya nchi hii palikuwa na kijiji kando ya kijito kinachopita kinamasini, na Marrabeck kwa lugha ya wazee wao ni hicho kijito cha kinamasi. Maji yakapanda, mashamba yakaoza, watu wakatawanyika, na kila walikofika wenyeji wakawaita kwa jina la walikotoka. Leo kijiji hakipo, kondoo ndio wanaokaa pale. Hapo Baba nilikaribia kulainika, maana nilikumbuka wazee wetu walivyohama kila mto ulipohama, wakabeba jina la kijiji pamoja na vyungu. Lakini nikajikaza. Mtu akitaka kukuingia, huanza na jambo linalofanana na la kwenu.

Jina hilo halikuenea. Vita vilikula vijana, waliobaki wakazaa mabinti, mabinti wakaolewa wakachukua majina ya waume. Anasema waliobaki huku hawajazi mtumbwi mmoja: yeye ambaye hakuolewa, baba yake mzee sana, na jamaa wachache waliochakaa wasio na watoto. Basi siku moja anapekua kwenye kompyuta akakutana na akina Marrabeck wa Tana River, wengi kuliko wa dunia yote wakijumlishwa. Ni sisi hao, Baba. Wewe na ndugu zako, watoto na wajukuu, hata kale kasichana ka shangazi kanakolia kakinyimwa muwa. Akaniuliza tumelipataje.

Nikamsimulia kama ulivyotusimulia. Kwamba Mzungu mmoja mpima mto alipanda na mtumbwi kutoka Kau, akashikwa na homa karibu na kwetu, wapagazi wakamshusha nyumbani kwa Mzee Jillo. Kwamba alilala kwenye kitanda cha Jillo majuma kadhaa, mke wa Jillo akimnywesha uji na tumbo lake likiwa kubwa, na siku alipoweza kusimama ndiyo siku Babu alipozaliwa. Na kwa desturi, mtoto akizaliwa nyumba ina mgeni, mgeni humwachia jina. Jillo akawauliza wapagazi mgeni anaitwa nani, wakasema Marrabeck, maana ndivyo walivyozoea kumwita. Babu akawa Marrabeck wa Jillo, ninyi mkawa watoto wa Marrabeck, na vitambulisho vikatufungia hapo.

Bi. Judith alicheka hadi akatoa leso. Akasema Jillo hakujua kwamba lile si jina la mtu bali la ukoo mzima, na mgeni hakuwa na ruhusa ya kuliacha. Nikamwambia kwetu mgeni haombwi ruhusa, anaombwa jina tu. Kisha akaacha kucheka. Akasema mpima mto yule ndiye babu yake, aliyemzaa baba yake. Akafungua mkoba, akaweka mezani kichupa kidogo chenye kifuniko cha buluu, akaniomba nitemee mate.

Sasa uniambie, Baba, mtu anasafiri na treni kutoka mbali kwa ajili ya mate? Anasema maabara watalinganisha na ya baba yake, tujue kama sisi ni damu moja. Nilimwambia nitafikiria. Sifikirii chochote. Nimeona hatari yote wazi.

Wazee watakaa baada ya mavuno kuamua shamba la kwenye pindo la mto, na hatimiliki itaandikwa kwa watakayemtaja. Buya, ambaye baba yake ni mdogo wake Babu, anasema shamba ni la Jillo na liende kwa damu ya Jillo, yaani yeye, na sisi ni mbegu ya Mzungu iliyoachwa na homa, eti mgeni alikwisha kupita kwetu mwaka ule kabla ya kuugua. Wewe humjibu kwamba kitanda hakizai haramu, naye hujibu kwamba methali haina hatimiliki. Sasa kichupa hiki kikitoka na neno moja baya, shamba limekwenda, na mama yake Babu, aliyelala kaburini kwa heshima, ataamshwa kwa matusi kila mto unapochotwa maji.

Tena najiuliza nani kamwambia huyu mama kuhusu sisi. Kompyuta haijui njia ya Hewani. Alitaja kanisa letu la Hewani, akataja hata mkuyu wetu uliozama mtoni. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo ninayoishuku ni ya Baba mdogo. Halafu tumeshaona wageni wa ramani: wanakuja na tabasamu, wanapima, na baada yake sisi na Waorma wafugaji tunaachwa tukigombea kipande kilichobaki. Mpima wa kwanza alituachia jina. Mjukuu wake sijui anataka kuchukua nini.

Kwa hiyo nakuomba, na nisamehe mwana kumwamuru mzazi: akija mtu na kichupa, awe Mzungu, awe mchungaji, awe Buya, usitoe mate. Mwambie kinywa kimekauka.

*

Baba, naendelea leo Jumapili jioni, na mkono wangu si ule wa kurasa za juu. Zile kurasa sikuzichana. Nimeziacha uone nilivyokuogopea.

Leo nilikwenda nyumbani kwa Bi. Judith. Alinialika mara nyingi, nikaona heri niende nimkatalie usoni. Nyumba ndogo, joto, picha za wafu ukutani. Sikuvua koti, na chai sikuigusa hadi alipokunywa yake. Nikamwambia mate yangu hatapata, na ya mtu yeyote wa Hewani hatapata, na aniambie nani alimuuzia habari zetu.

Aliweka kikombe chini. Akasema, "Baba yako hakukwambia?"

Baba. Nilidhani nimesikia vibaya. Akanieleza taratibu kwamba kabla hajaniona mimi kwenye picha ya kwaya aliliandikia kanisa la Hewani, na mchungaji akakupa salamu zake. Kwamba wewe mwenyewe ndiye uliyemjibu na kuomba kichupa, ukakitemea mate, ukakirudisha kwa mkono wa mchungaji. Na kwamba uliomba mimi nisijue hadi majibu yatoke; mate yangu aliyataka kwa kuhakikisha tu. Nilimuuliza kwa nini. Akasema uliandika maneno haya, naye ameyashika kwa moyo: "Nimeitwa mtoto wa Mzungu tangu nikiogelea mtoni. Nataka kujua kabla sijafa."

Nililia, Baba, nyumbani kwa watu nisiowaamini. Mwaka jana nikiwa likizo huko, ulipokuwa ukimjibu Buya kwa methali na wazee wakicheka, nilidhani una uhakika. Kumbe ulikuwa na swali lile lile umelimeza miaka yote, na mimi nashika kalamu kukuonya juu ya Buya.

Majibu yametoka wiki hii. Alitaka niyasikie uso kwa uso, niyabebe mimi kuja kwako, kwa hiyo nayaandika sasa bila kuzunguka: hakuna damu. Hata tone. Mpima mto hakumzaa Babu. Mgeni alilala kwenye kitanda cha homa, akanywa uji, akaacha jina, akaenda zake. Mama yake Babu ni safi kama alivyozikwa. Wewe si mtoto wa Mzungu. Lisome tena Baba, halafu mwite Mama alisome kwa sauti.

Nilitaka kucheka na kuruka, lakini Bi. Judith alikuwa ameinama, akiviringisha leso yake. Nikaelewa alichokuwa akikitafuta, na haikuwa shamba. Alitaka watu. Baba yake hana mwana, yeye hana mtoto, na alituona sisi wengi kule mtoni akatumaini. Nilikuwa nikimshuku mwizi, kumbe ni mtu aliyefiwa kabla ya msiba. Hata hivyo akasema jambo lililonichoma. Alisema kwa kuwa si damu, itabidi atuondoe kwenye hesabu ya akina Marrabeck. Sikujua jina hili lingeniuma. Miaka yote nimeliona mzigo wa kuelezea kila ofisi, na leo mtu anataka kulichukua, nikahisi ananivua shati.

Nikamwambia, "Bibi, sisi hatukuliokota. Tulipewa mbele ya watu, na aliyetoa alikuwa na akili timamu, homa imeshuka."

Baba yake alikuwa chumba cha pili, kwenye kiti karibu na dirisha, blanketi magotini. Ni mzee sana, maneno yake yanakuja na kupotea. Bi. Judith alikuwa amekwenda jikoni, na uji wa shayiri wa yule mzee ulikuwa unapoa, basi nikavua koti na kukaa nimlishe, maana mikono yangu haijui kutazama tu. Nilipuliza kijiko kama ninavyowafanyia wa kazini. Nikafikiria nani alikuwa akimpulizia baba yake kijiko kule kwetu, kwenye kitanda cha Jillo.

Akanishika mkono, akaniuliza mimi ni nani. Nikamwambia, Marrabeck. Hakushangaa. Alitafuna kidogo, akatazama nje, akauliza kwa sauti ya mtu mwenye hofu ya siku nyingi, "Tumebaki wangapi?"

Bi. Judith alikuwa amesimama mlangoni. Nilimwona, naye aliniona.

Nikasema, "Wengi, Mzee. Wamejaa mto mzima."

Akatikisa kichwa kukubali, akafungua kinywa apewe kijiko kingine. Bi. Judith hakunisahihisha.

Basi Baba, nisalimie Mama, mwambie kanga nimezipata na nitazituma. Msalimie Shangazi na kale kasichana, akape muwa. Msalimie Mjomba fundi mitumbwi, na Galgalo wetu wa maziwa, ambaye ukame hautamzuia kupitia kwetu na ng'ombe wake kama alivyozoea. Mshukuru mchungaji, ingawa mimi nitamsemesha kuhusu siri. Hata Baba mdogo Buya mpe salamu. Nilimshuku kwa hili asilolitenda, na kwa yale anayoyatenda namwachia yeye na wazee.

Na siku wazee watakapokaa, wakikuuliza wewe ni wa nani, usisimame na methali. Simama na majina yako yote: Daudi, wa Marrabeck, wa Jillo. Usikate hata moja.

Nakuombea usingizi wa mtu asiye na swali.

Mwanao,
Yona, wa Daudi, wa Marrabeck, wa Jillo