Tafadhari Usikanyage Maua

Baba,

Ile bustani mliyokuwa mkiitengeneza wewe na wenzako pale kilipobomolewa kiwanda cha ngozi imefunguliwa, udongo wa kaburi lako ukiwa bado mbichi. Penye mashimo mliyolowekea ngozi kumepandwa maua. Watu wanatoka mpaka Mweiga kuja Nyeri kupigwa picha pale baada ya kanisa. Watoto wanachezea mto ule ule uliokuwa mwekundu kwa magome ya miwati mliyolainishia ngozi, ule uliotukataza wewe: "Kaa mbari na hiyo maji, Wangari!" Haunuki tena, Baba. Ningefurahi, lakini nifurahi na nani?

Sasa sikia. Kibao cha langoni, ulichokiandika kwa mkono wako, kimeleta maneno. Siku ya ufunguzi watu walisoma TAFADHARI USIKANYAGE MAUA wakacheka. Ati mzee wa ngozi ameandika Kikuyu. Niliumia, we! Kesho yake karani wa baraza la mji akaniita: "Mwalimu, si wewe ndiye unafundisha Kiswahili? Tuandikie ingine, hii tutoe."

Nikaenda na brashi. Kosa hilo la R mahali pa L nalizungushia wino mwekundu kila siku kwenye madaftari ya shule. Lakini nilipofika pale mkono ulikataa. Kiwandani mliitwa kwa filimbi na kwa matusi. Hakuna bwana aliyewahi kukuambia tafadhali, sembuse kukuandikia. Ulilisikia tu kwa majirani zetu, wanavyolitamka, na siku ulipopewa kibao ndilo ulilotanguliza. Kwa ajili ya maua! Nililia hapo langoni, watu wakinitazama. Na watazame.

Nikarudi kwa karani nikamwambia kibao kiko sawa. Akaniangalia kama nimerukwa na akili. Nikarudia: kiko sawa, na atakayekigusa atanitambua. Akachukua chai yake. Mama alipopata habari alicheka, mara ya kwanza tangu utuache, kisha akajifunika uso kwa leso.

Nimekukosa, Baba. Nimekukosa sana.

Pumzika sasa. Mvua za huku unazijua, rangi itachujuka tu. Ikichujuka nitakuja na brashi yangu, nipite juu ya herufi zako moja moja, na ile R nitaiandika R.

Binti yako,
Wangari