Buibui wa Chumbani kwa Zaituni

Laurian, usicheke. Nimemvunjia Zaituni ndoa, yule jirani tuliyempata tulipohamishiwa kijiji kipya.

Unaijua kamera niliyoazima kwa mwalimu wa baiolojia, nipige picha za buibui wa majumbani. Zaituni mwenyewe aliniita: "Njoo umwone mdudu wako chumbani, ananitisha."

Nami hodari nikaandika daftarini: "Buibui mweusi, chumbani kwa Zaituni. Katulia. Nimempiga picha mara mbili."

Leo mumewe, Mzee Sefu, kalikuta daftari, kalisoma. Buibui, Laurian. Yeye kaona vazi la mkewe.

Nikamwambia, "Mzee, ni yule wa miguu minane."

"Unanitania mpaka kwenye ndoa yangu?"

Nikaapa picha zimo ndani ya kamera, zikasafishwe mjini aone mdudu mtupu. Balozi wa nyumba kumi, aliyeitwa kuamua, akasema mjini kufanya nini. Akaifungua kamera palepale juani, saa sita mchana, akaivuta filamu yote nje kama utumbo wa mbuzi. Akaitazama huku na huku.

"Mbona hamna mdudu humu?"

Sefu akatamka talaka mbele yetu.

Zaituni hakulia. Aliniuliza tu, "Ulishindwa nini kuandika mdudu?"